Uzamili kwa mwalimu wa watoto wenye usonji: kuchagua chuo, kupanga utafiti, kumaliza

Walimu wengi wa elimu maalumu wanaosoma shahada ya uzamili huishia kuandika tasnifu kuhusu walimu wenzao. Dodoso la maswali 30, walimu 80, majedwali ya asilimia, na hitimisho kwamba vifaa havitoshi na mafunzo ni haba. Hayo yalijulikana kabla dodoso halijachapwa. Miaka miwili na ada yote ile vingeweza kumpa mwalimu kitu kizito zaidi: uwezo wa kuchukua shida moja ya mtoto, kuipima, kuifanyia kazi, na kuonyesha kwa ushahidi kama njia aliyotumia imemsaidia mtoto au haikumsaidia.

Mwongozo huu unaelekea huko. Umeandikwa kwa mwalimu wa Tanzania au Kenya aliye kazini, mwenye shahada ya kwanza, anayefundisha kitengo cha usonji au darasa jumuishi lenye watoto wenye usonji.

Kabla ya kulipa ada ya maombi

Jiulize kwanza kama unachohitaji ni uzamili kweli. Kama shahada yako ya kwanza ilikuwa ya masomo ya kawaida na hujawahi kusomea elimu maalumu, anza na mafunzo ya darasani: Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kwa Tanzania, au KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, Nairobi, kwa Kenya. Huko ndiko mwalimu anakofundishwa kazi yenyewe. Uzamili unamchukulia mwanafunzi kama mtu anayeijua kazi tayari na anataka kuihoji. Anayeingia bila msingi huo hujikuta anasoma nadharia za utafiti huku bado hajui afanye nini mtoto anapojigonga kichwa ukutani.

Kama msingi upo, tafuta msimamizi kabla ya kutafuta chuo. Kenya, vyuo kama Kenyatta na Maseno vina idara za elimu maalumu. Tanzania mara nyingi utaikuta mada ya usonji ndani ya saikolojia ya elimu au uzamili wa elimu wa jumla, kwa hiyo jina la programu halikuambii mengi. Ingia kwenye tovuti ya idara, soma majina ya wahadhiri, kisha tafuta walichochapisha. Unamtaka aliyeandika kuhusu usonji, ulemavu wa akili, mawasiliano au tabia za wanafunzi. Aliyeandika kuhusu sera za elimu jumuishi peke yake anaweza kuwa mtu mwema sana na bado asiweze kukusaidia kusoma grafu ya mtoto mmoja.

Mwandikie barua pepe fupi, mistari kumi na miwili isizidi: wewe ni nani, unafundisha watoto gani, shida gani unataka kuichunguza, na kama ana nafasi ya mwanafunzi mpya. Asipojibu ndani ya wiki mbili, piga simu idarani na uulize mambo haya bila aibu. Msimamizi huyu ana wanafunzi wangapi wa uzamili kwa sasa? Kati ya walioanza miaka mitatu iliyopita, wangapi wamemaliza? Kuna mafunzo kwa vitendo, na saa ngapi? Ada yote hadi mahafali ni kiasi gani, pamoja na usajili, mitihani, usahihishaji wa tasnifu na ukaguzi wa wizi wa maandishi? Ada ya masomo inayotangazwa mara nyingi haihesabu hivi vya mwisho, na ndivyo vinavyowakwamisha watu mwaka wa pili.

Hakikisha chuo na programu yenyewe vimeidhinishwa na tume ya vyuo vikuu: TCU kwa Tanzania na CUE kwa Kenya. Chuo kinaweza kuwa na ithibati huku programu moja ikiwa bado haijaidhinishwa, na shahada yake ikaja kukataliwa wakati wa kupanda daraja.

Kuna jambo la vyeti vya uchambuzi wa tabia. Matangazo ya mtandaoni bado yanawaahidi walimu wa Afrika kwamba kozi fulani itawafikisha kwenye cheti cha BCBA, yaani cha mchambuzi wa tabia aliyethibitishwa. Tangu Januari 2023, BACB, bodi ya Marekani inayokitoa, imeacha kupokea waombaji wapya kutoka nchi nyingi, zikiwemo zetu. Kozi inaweza kuwa na manufaa kwa maarifa yake. Usiilipie kwa ajili ya cheti hicho kama unaishi na kufanya kazi Afrika Mashariki.

Kusoma nje

Uingereza ina programu za uzamili za usonji peke yake. Chuo Kikuu cha Birmingham, kwa mfano, kina kituo cha utafiti wa elimu ya usonji. Udhamini wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja, hutaka uzoefu wa kazi wa saa 2,800 (karibu miaka miwili ya kazi ya kutwa), hufunguliwa Agosti na kufungwa mapema Oktoba, na humtaka mwanafunzi arudi kwao kwa miaka miwili. Saa za darasani zinahesabika, kwa hiyo anza mapema kukusanya barua za ajira zenye tarehe.

Ubaya wa mwaka mmoja ni kwamba tasnifu hufanywa ndani ya miezi mitatu au minne, mara nyingi bila mtoto hata mmoja. Ukienda, omba tangu mwanzo ufanye utafiti wako nyumbani, kwenye darasa unalolijua. Na ukirudi Tanzania, peleka shahada TCU itambuliwe kabla hujaiwasilisha kwa mwajiri.

Ruhusa ya masomo

Omba ruhusa kwa mwajiri mara tu unapopata barua ya udahili, kwa maandishi, kupitia mkuu wa shule. Usiondoke kituoni kwa kutegemea ahadi ya mdomo. Mshahara unaweza kusimamishwa na ukahesabiwa mtoro. Wanaosoma jioni, likizo au kwa masafa wana faida moja kubwa: hawaachi darasa lao, na darasa hilo ndilo maabara.

Maombi yenyewe

Vyeti, hati ya matokeo na barua mbili za wadhamini wa kitaaluma kila mtu anazo. Kinachotenganisha waombaji ni maelezo ya nia na andiko dhana (concept note) la kurasa mbili au tatu. Vyote huandikwa kwa Kiingereza vyuo vingi, ila ukivifikiria kwa Kiswahili kwanza utaona upesi pale unapozunguka.

Sentensi dhaifu: «Nina shauku kubwa ya kuwasaidia watoto wenye usonji ili wafikie ndoto zao.» Mhadhiri anasoma arobaini za namna hiyo kila msimu. Sentensi yenye nguvu: «Katika darasa langu la watoto 11, saba hawasemi. Wanne kati ya hao hupiga au kuuma wanapotaka kitu. Nataka kuchunguza kama kuwafundisha kuomba kwa kadi za picha kutaongeza maombi yao na kupunguza kupiga.» Hapo tayari kuna washiriki, njia na kipimo.

Mdhamini mmoja awe mhadhiri aliyekufundisha, mwingine mtu aliyekuona ukifundisha. Mpe kila mmoja andiko dhana lako na tarehe ya mwisho, wiki nne kabla. Barua ya «namfahamu kama mtu mwaminifu» inatokea pale mdhamini alipoombwa jana yake.

Cha kujifunza kwa nguvu mwaka wa kwanza

Kozi za falsafa ya elimu na mipango utazipita. Weka uzito kwenye mambo yafuatayo.

La kwanza ni maana ya usonji kitaalamu. Tangu DSM-5, mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa mwaka 2013, utambuzi una nguzo mbili: ugumu wa mawasiliano ya kijamii, na tabia au shauku finyu zinazojirudia, ndani yake mkiwemo mwitikio usio wa kawaida kwa sauti, mwanga, mguso na harufu. Asperger si jina la utambuzi linalojitegemea tena katika mwongozo huo. Viko viwango vitatu vya mahitaji ya msaada. Tasnifu inayoandika «usonji wa kiwango cha juu» na «cha chini» inaonyesha kwamba mwandishi anasoma vitabu vya zamani.

La pili ni vipimo. M-CHAT-R/F, dodoso la wazazi, ina maswali 20 na ni ya watoto wa miezi 16 hadi 30, na ni ya kuchuja tu, haithibitishi usonji. Bado hutumiwa kwa watoto wa miaka tisa, na mtahini aliye makini ataiangusha sura nzima kwa kosa hilo. Chombo chochote kilichotungwa nje hutafsiriwa, hurudishwa kwenye lugha ya asili na mtu ambaye hakuona nakala ya kwanza, hulinganishwa, kisha hujaribiwa na wazazi wachache. Swali la kama mtoto «huelekeza kidole» au «humtazama mtu machoni» lina uzito tofauti kwenye nyumba ambamo mtoto kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu.

La tatu, na hapa usibanie muda, ni mbinu zenye ushahidi. Ripoti ya mwaka 2020 ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha North Carolina iliorodhesha mbinu 28. Chuo hicho hutoa pia masomo ya AFIRM mtandaoni bila malipo, somo moja kwa kila mbinu, pamoja na orodha za kukagua utekelezaji. Kwa darasa la watoto kumi na tano na mwalimu mmoja, zinazobebeka ni hizi: vielelezo vya picha na ratiba ya kuonekana, msaada unaopunguzwa kidogo kidogo, uimarishaji, kugawa kazi hatua kwa hatua, kuchunguza sababu ya tabia, kumfundisha mtoto njia ya kuwasiliana badala ya tabia sumbufu, na kuwatumia wanafunzi wenzake kama wasaidizi. Zifahamu hizo saba kiasi cha kuweza kuzifanya mbele ya mtu mwingine akikukagua.

Zipo pia za kukataa. Mawasiliano ya kushikiwa mkono, ambapo msaidizi hushika mkono wa mtoto anayeandika, yalipimwa ikaonekana maneno yanatoka kwa msaidizi; chama cha wataalamu wa lugha na usemi cha Marekani, ASHA, kilitangaza mwaka 2018 kwamba yasitumike. Yakija shuleni kwa jina jipya, yatambue.

Kwa makala, ERIC, hifadhi ya mtandaoni ya tafiti za elimu, ni bure kwa yeyote. Mwombe mkutubi nywila za Research4Life, huduma ya majarida kwa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo, kama chuo kimejiunga. Wanafunzi wengi humaliza bila kujua kuwa ipo.

Kuchagua lengo la utafiti

Watu wazima wenye usonji wamesema wazi kwamba mafunzo mengi ya utotoni yaliwalazimisha waonekane kama wengine na yakawaumiza. Wasikilizwe. Usifanye utafiti wa kumzuia mtoto kupunga mikono, wala wa kumlazimisha akutazame machoni. Chagua jambo ambalo mtoto mwenyewe atafaidika nalo jioni ileile: kuomba kitu, kuomba choo, kusema «bado» au «sitaki», kuomba mapumziko kelele zinapozidi, kuvaa, kuvuka barabara.

Mfano tutakaotumia ni kuomba kwa kadi ya picha, kwa watoto watatu wenye umri wa miaka 6 hadi 10 wasiosema.

Usanifu: watoto watatu, nyakati tatu

Katika kitengo cha usonji huwezi kupata kundi la watoto 30 wanaofanana na kundi lingine la kulinganisha. Watoto watatu wanatosha kama kila mmoja analinganishwa na yeye mwenyewe, na kama mafundisho yanaanza kwa kila mmoja wakati tofauti. Huu ni utafiti wa mshiriki mmoja mmoja wenye awamu za msingi (vipimo vya kabla ya mafundisho) zinazopishana, na una viwango vinavyojulikana kimataifa.

Eleza tabia kwa maneno ambayo mtu asiyemjua mtoto anaweza kuyahesabu. «Mtoto anawasiliana vizuri» haihesabiki. Hii inahesabika: «Mtoto anachukua kadi na kuiweka mkononi mwa mtu mzima ndani ya sekunde 5 tangu kitu kionyeshwe, bila kuguswa na bila kuambiwa.»

Kila kipindi kina nafasi 10. Tumia vitu vya ziada anavyovipenda, kama mapovu ya sabuni, mpira wenye taa au puto. Usitumie uji wala maji ya kunywa, maana chakula cha mtoto hakiwekwi rehani kwa ajili ya utafiti. Jua anachokipenda kwa kumwekea vitu sita mezani na kuhesabu anachoshika kwanza, siku tatu mfululizo, kisha rudia kila wiki. Mapovu ya Jumatatu huchosha kufikia Alhamisi, na grafu ikashuka kwa sababu isiyohusiana na mafundisho.

Kadi ziwe za sentimita 5 kwa 5, manila nene, zikizungushiwa soltepu pana ya kuonekana kama huna mashine ya laminesheni. Picha ya kitu chenyewe iliyopigwa kwa simu hufaa kuliko mchoro wa mtandaoni wa kikombe ambacho mtoto hajawahi kukiona. Tengeneza nakala tatu za kila kadi: zitatafunwa.

Ratiba ya vipindi ni hii. Watoto wote watatu wanaanza awamu ya msingi siku moja: kadi iko mezani, kitu kinaonyeshwa, hakuna anayefundishwa. Mtoto wa kwanza anabaki kwenye msingi vipindi 5, kisha mafundisho yake yanaanza kipindi cha 6. Wa pili anabaki hadi kipindi cha 8, anaanza cha 9. Wa tatu anabaki hadi cha 11, anaanza cha 12. Usimwanzishe wa pili kabla grafu ya wa kwanza haijapanda. Kila mtoto apate angalau vipindi 10 vya mafundisho, hivyo wa tatu anamaliza kipindi cha 21. Kwa vipindi vinne kwa wiki hiyo ni wiki tano na ushei. Panga nane, kwa sababu ya homa, mvua, mitihani na siku za michezo. Ongeza vipimo vya ufuatiliaji baada ya wiki 2 na wiki 4. Jumla ni wiki 12. Kenya, muhula wa tatu wa wiki 9 au 10 hautoshi, anza wa kwanza au wa pili. Tanzania, anza Februari au mwishoni mwa Julai.

Viwango vya What Works Clearinghouse, mpango wa serikali ya Marekani wa kukagua tafiti za elimu, vinataka walau vipimo 5 kwa kila awamu, na athari ionekane kwa nyakati tatu tofauti. Hiyo ndiyo sababu ya watoto watatu, wawili hawatoshi. Ukiweza, anza na wanne, kwa kuwa familia huhama.

Kufundisha

Wanahitajika watu wazima wawili. Mmoja ameshika kitu mbele ya mtoto; mwingine yuko nyuma ya mtoto, haongei, na kazi yake ni kuongoza mkono wa mtoto kuchukua kadi na kuitoa. Vipindi viwili vya mwanzo msaada unatolewa papo hapo. Kuanzia cha tatu, wa nyuma anasubiri sekunde 5 kabla ya kusaidia. Mtoto akitoa kadi mwenyewe ndani ya sekunde hizo, inahesabika. Anapotoa, apewe kitu mara moja huku kikitajwa jina: «Puto!»

Kosa linaloharibu zaidi ni wa mbele kuuliza «unataka nini?» au kunyoosha kiganja mapema. Mtoto hujifunza kusubiri swali, na nje ya darasa hakuna atakayemuuliza. Kosa la pili ni wa nyuma kumsaidia kwa sekunde 2 kwa huruma. Hapo idadi ya maombi ya kujitegemea hubaki sifuri, na mtafiti akadhani mbinu imeshindwa. Tumia saa ya simu au hesabu moyoni mlivyokubaliana.

Kama shule haina mwalimu wa pili, mfundishe mlezi au mama mmoja kazi ya mtu wa nyuma. Mpe mazoezi na mtu mzima anayejifanya mtoto hadi apate hatua zote sahihi mara mbili mfululizo.

Mtazamaji wa pili na uaminifu wa utekelezaji

Grafu uliyoijaza peke yako haiaminiki, hata kama wewe ni mkweli. Mtu mwingine ahesabu pamoja nawe, bila kuangalia karatasi yako, katika asilimia 20 ya vipindi vya kila awamu kwa kila mtoto. Lenga theluthi, ili ukikosa siku moja usianguke chini ya kiwango. Ulinganifu ni nafasi mlizokubaliana, gawa kwa nafasi zote, zidisha kwa 100. Mkikubaliana nafasi 9 kati ya 10, ni asilimia 90. Chini ya 80, simamisha, rudini kwenye maelezo ya tabia, jifunzeni tena kwa video isiyo ya utafiti.

Mtazamaji huyohuyo awe na orodha ya hatua zako za kufundisha na aweke alama kwenye zile ulizozifuata. Bila orodha hiyo, matokeo mabaya hayana maana: huwezi kujua kama mbinu ilishindwa au haikufanywa.

Kusoma grafu

Mstari wa chini ni vipindi, wa pembeni ni maombi ya kujitegemea, 0 hadi 10. Chora mstari wima wa vitone pale awamu inapobadilika, na usiunganishe nukta kupita mstari huo. Grafu tatu zipangwe moja juu ya nyingine kwenye ukurasa mmoja. Siku ambayo mtoto hakuja, acha wazi, usijaze wastani.

Angalia kiwango, mwelekeo, mtawanyiko, kasi ya badiliko mwanzoni mwa mafundisho, na nukta ngapi zinaingiliana kati ya awamu. Kisha ongeza namba moja. Iliyo rahisi ni asilimia ya nukta zisizoingiliana: kama nukta ya juu kabisa ya msingi ni 2, na kati ya vipindi 12 vya mafundisho 10 viko juu ya 2, ni asilimia 83. Zaidi ya 90 huhesabiwa matokeo makubwa, 70 hadi 90 mazuri, 50 hadi 70 ya kutiliwa shaka. Udhaifu wake ni kwamba siku moja ya bahati kwenye msingi huivuruga yote, kwa hiyo grafu yenyewe ndiyo hoja kuu.

Msingi wa mtoto ukiwa unapanda wenyewe, usianze. Subiri utulie. Na msingi wa mtoto wa pili ukipanda siku ileile ulipoanza na wa kwanza, uliza: mara nyingi mwalimu mwenzako ameona kadi zinafaa akaanza kuzitumia kwa darasa zima. Amefanya kwa wema, ila ongea naye kabla ya siku ya kwanza, umwahidi kadi zote utafiti ukiisha. Andika pia mabadiliko ya dawa. Baadhi ya watoto wenye usonji wana kifafa pia, na dawa mpya inayoleta usingizi itaonekana kwenye grafu.

Msimamizi akisema watoto ni wachache

Atasema. Wengi walifundishwa kwa majedwali ya ukubwa wa sampuli, na kiolezo cha pendekezo kina vichwa vya «idadi lengwa» na «sampuli». Usibishane kwa hisia. Andika aya moja: washiriki wamechaguliwa kwa makusudi kwa vigezo vilivyotajwa, kila mmoja ni mlinganisho wa nafsi yake, uthibitisho unatokana na kurudiwa kwa athari mara tatu kwa nyakati tofauti, jumla ya vipimo ni zaidi ya 50. Weka viwango hivyo vilivyochapishwa kwenye kiambatisho pamoja na makala mbili tatu za usanifu huohuo. Ukidaiwa uchambuzi wa SPSS, programu ya takwimu, omba mhadhiri wa takwimu asome ukurasa huo kabla ya kikao cha utetezi wa pendekezo, siyo baada yake.

Vigezo vya washiriki viwe vya kweli. Watoto wengi wa vitengo vyetu hawana karatasi ya hospitali. Kama hakuna utambuzi wa daktari au mwanasaikolojia, usiandike «wenye usonji». Andika walibainishwa na nani na kwa chombo gani, kituo cha upimaji cha wilaya au, kwa Kenya, EARC (kituo cha upimaji wa kielimu), halafu weka kigezo cha tabia: asiyesema maneno zaidi ya matano, na anayeomba kwa kujitegemea chini ya mara 2 katika nafasi 10.

Vibali na ridhaa

Kenya unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha barua za kaunti. Tanzania barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka hadi halmashauri, afisa elimu na mwalimu mkuu; Zanzibar ina utaratibu wake. Tenga miezi mitatu. Ukianza kukusanya takwimu kabla ya kibali, takwimu hizo hazitumiki, hata kama ni za darasa lako mwenyewe.

Fomu ya ridhaa iwe Kiswahili au lugha ya nyumbani, ukurasa mmoja, na isomwe kwa sauti. Iseme wazi kwamba hili si tiba ya usonji, kwamba mzazi anaweza kumtoa mtoto wakati wowote, na kwamba nafasi yake shuleni haitaguswa. Wewe ndiye mwalimu wake, mzazi anaweza kuona haya kukukatalia. Mwachie mtu mwingine achukue sahihi.

Mtoto asiyesema naye anakubali au kukataa. Orodhesha dalili zake za kukataa pamoja na mama yake: kugeuza uso, kusukuma kadi, kuondoka, kuziba masikio. Zikitokea mara mbili katika kipindi kimoja, kipindi kimekwisha siku hiyo, na unaandika hivyo.

Video ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Zihifadhi kwenye kifaa chenye nywila, zisipite WhatsApp, wala zisibaki kwenye simu inayopakia picha zote mtandaoni yenyewe.

Kuandika na kukabidhi

Sura ya mbinu iandikwe kabla ya kuingia darasani, matokeo wiki ileile vipindi vinapoisha. Sura ya pili, ya mapitio ya tafiti, husubiri, na huwa fupi kuliko watu wanavyodhani: tafiti ishirini zilizosomwa kweli kuhusu mbinu uliyoitumia zinatosha kuliko kurasa sitini za historia ya elimu maalumu duniani.

Baada ya mtihani wa utetezi, tengeneza jedwali la marekebisho lenye safu tatu: alichosema mtahini, ulichobadilisha, ukurasa. Lijaze ndani ya wiki mbili ungali unakumbuka. Wengi huchelewa kuhitimu kwa mwaka mzima hapa, kwa marekebisho ya siku kumi.

Kwa kila mtoto, acha shuleni bahasha yenye kadi zake, grafu yake, na karatasi moja inayomwambia mwalimu ajaye: anaomba vitu gani, mtu asimame wapi, asubiri sekunde ngapi, na asiulize «unataka nini?»